Seva kabatini, randa mezani: maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niliandika nusu ukurasa tu kuhusu laptopu yangu kuukuu niliyoigeuza seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa imewashwa kuhifadhi na kugawa mafaili ya nyumba nzima, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, nikajua mtapita mwende zenu kwenye mapishi. Kumbe. Barua zimekuja nyingi kuliko hata zile za mchwa kwenye fremu za milango, na ajabu yake wengi walioandika siyo watu wa kompyuta kabisa, ni seremala wa jumamosi, mama mshonaji, mfuga kuku, mwalimu mstaafu. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha, majina nimeyaacha kama kawaida yetu.

Fundi habari za kazi. Mimi ni mtu wa ofisini, wikiendi napenda useremala kidogo kidogo, stuli, rafu, vitu vya nyumbani tu. Nina laptopu ya 2014 imekaa kabatini tangu nilipoambiwa Windows 11 haiwezi kuingia. Nikaamua nijifunze Linux, ule mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Mwezi wa nne huu kila usiku naangalia video, wakati naangalia naelewa vizuri kabisa, asubuhi sikumbuki hata amri moja. Linux nimeshabadilisha aina tano. Au akili ndo imeshazeeka? – Msomaji, Tabata

Akili yako nzima, ndugu yangu. Ngoja nikuulize, randa uliijua kwa video? Hata kama uliangalia, randa uliijua siku ile ulipoipitisha kinyume na nyuzi ubao ukabanduka kipande, ukakaa unautazama, ukaugeuza upande wa pili ukapita laini. Na uliishika kwa sababu nyumbani palitakiwa stuli, hukuamka tu asubuhi ukasema leo najifunza randa. Sasa kwenye Linux umefanya hivyo hivyo usivyofanya kwenye mbao: umenunua randa tano na stuli hata moja hakuna.

Kwa hiyo acha kujifunza Linux. Tafuta kazi. Nyumba yoyote ina kazi, na ya kwanza ni hii: simu ya mama watoto imejaa picha, kila siku inalia nafasi hakuna, anafuta video za mtoto ili apate nafasi ya video nyingine za mtoto. Hiyo ndo stuli yako. Laptopu iwe mahali picha zinapohamia, basi, hakuna kingine mpaka hilo liishe.

Chukua Debian, mojawapo ya hizo aina za Linux, usiulize tena ipi ni bora. Nakupa hiyo kwa sababu imekuwepo tangu 1993, haibadiliki badiliki, na ukikwama utakuta mtu alishakwama hapo hapo kabla yako. Hakikisha tu mashine ni ya biti 64, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kifurushi cha kuinstoli kwenye zile za biti 32, ila ya 2014 haitakusumbua kwa hilo. Wakati wa kuinstoli itakuuliza unataka madirisha na picha za kubofya, ondoa tiki hapo, ila tiki ya SSH (njia ya kuiamuru mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine) ibaki. Najua inatisha kukaa mbele ya skrini nyeusi, lakini bila hayo madirisha hata GB 2 za RAM zinatosha na utalazimika kuandika amri kwa mkono, vidole ndo vinavyokumbuka.

Alafu `sudo apt install samba`, programu ya kugawana mafolda kwenye mtandao wa nyumbani. Kabla ya kugusa kitu kingine, piga nakala: `sudo cp /etc/samba/smb.conf /etc/samba/smb.conf.zamani`. Hii ni kama kile kipande cha ubao unachojaribia rangi kabla hujapaka meza. Tengeneza folda, `sudo mkdir -p /srv/picha`, uipe ruhusa iwe ya mtumiaji wako (`sudo chown baba /srv/picha`, kama jina lako humo ni baba), halafu fungua faili la smb.conf kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, teremka mpaka chini uandike mistari minne: `[picha]`, `path = /srv/picha`, `read only = no`, `valid users = baba`. Andika `testparm`, ikilalamika umekosea herufi, rudi. Mwisho `sudo smbpasswd -a baba` uipe neno la siri na `sudo systemctl restart smbd`. Ukitaka kujua anwani ya mashine andika `ip a`. Kwenye simu tumia programu yoyote ya mafaili inayojua SMB, ndo lugha ya Samba, weka anwani ile, na picha zinaanza kutembea. Mara ya kwanza itakataa. Utagundua umesahau ruhusa ya folda, na hapo ndo utaijua chown kwa maisha yako yote, video haikupi hiyo.

Kitu kimoja kitakachokuchanganya: ukifunika laptopu inalala, picha zinakatika. Nenda `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta mstari wa `HandleLidSwitch`, toa alama ya reli (#) mwanzoni, weka `HandleLidSwitch=ignore`, uzime na kuwasha. Na tafadhali itazame betri. Ikiwa imevimba, yaani kibodi imeinuka au paneli ya chini imeachia, hiyo iondoe kabla ya yote, usiiache inachaji usiku na mchana juu ya kabati la mbao.

Halafu daftari. La karatasi. Langu ukurasa mmoja una vipimo vya meza ya kahawa, unaofuata una smb.conf, na yote miwili ina alama za gundi ya mbao. Kila amri iliyofanya kazi naiandika na neno moja pembeni la kwa nini.

Na kuhusu kujiona wewe siyo mtaalamu, yule Linus Torvalds alipotangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki, Ufini, na aliwaambia watu kabisa kwamba hii ni hobi tu. Kwa hiyo uko na wenzako.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Kiswahili miaka 31. Mjukuu kaniwekea Linux. Nimefurahi ila amri zote Kiingereza, na vifupisho vyake havina kichwa wala miguu. Je, hakuna Linux ya Kiswahili? – Babu wa Tanga

Shikamoo mwalimu. Ipo nusunusu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na mahesabu yote kwa Kiswahili, na mpaka leo Linux ina mpangilio wa lugha wa `sw_TZ` na `sw_KE`, ukiuchagua tarehe zinakuja Jumatatu, Jumanne. Menyu ndo utakuta mstari huu Kiswahili ule Kiingereza, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Hata jina la Ubuntu, ile aliyoitoa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini Oktoba 2004, wewe hukuhitaji kamusi, ni utu wetu huu huu.

Lakini amri mwalimu unaweza kuzipa majina mwenyewe. Fungua `nano ~/.bashrc`, nenda chini kabisa, andika `alias nafasi='df -h'`. Mstari mwingine `alias orodha='ls -lh'`. Mwingine `alias anwani='ip a'`. Hifadhi, funga terminali ufungue tena, andika nafasi, itakuonyesha diski imebaki kiasi gani. Mimi ninayo inaitwa `kulikoni`, inaita `journalctl -p err -b`, inanionyesha makosa yote tangu mashine iwashwe. Ukitunga nzuri niletee na mimi nitumie.

Kaka mambo, nilisoma makala yako nikawasha desktopu ya zamani ya marehemu baba, ile kubwa ya kusimama, nikaweka muvi na picha, watoto wanafurahi. Tatizo LUKU. Nilikuwa naweka umeme unanifikisha mwezi sasa wiki mbili na nusu kwisha. Mume anasema ni friji mimi nahisi ni hii kitu. – Mama wawili, Kigamboni

Ni hii kitu, dada. Friji ina siku zake ila inazima na kuwaka, seva haizimi.

Tupige hesabu pamoja. Desktopu kubwa ya zamani ikiwa imekaa tu haifanyi lolote inakula kama wati 70. Mara saa 24 ni 1,680, yaani uniti 1.68 kwa siku, mara siku 30 ni uniti 50.4. Mimi LUKU yangu inanitoza kama shilingi 356 kwa uniti, kwa bei hiyo ni karibu 18,000 kila mwezi kwa kompyuta iliyokaa tu. Na kama ninyi mko kwenye lile kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi ndo mbaya zaidi, maana mashine peke yake imemeza theluthi mbili na hamjawasha taa, na mkivuka pale bei ya uniti inaruka.

Nunua zile kompyuta ndogo za maofisini zilizotumika, ndogo kama kitabu kinene, HP, Dell na Lenovo wote wanazo. Zikikaa zinakula kama wati 10. Hesabu ile ile inatoa uniti 7.2, kama 2,560 kwa mwezi. Yangu niliipata kwa laki mbili na nusu, kwa hiyo kwa tofauti ya elfu kumi na tano kila mwezi ilirudisha hela yake ndani ya mwaka na nusu hivi, na kelele hakuna. Wengine watakwambia Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ubao mmoja, inakula kidogo zaidi kweli, ila ukijumlisha adapta na diski bei inakaribiana, na ile kadi ndogo ya kumbukumbu umeme ukikatika ghafla mara kwa mara inakufa mapema, kwa umeme wetu huu sikushauri uanzie huko.

Diski ya baba usiitupe. Ifungue, utanunua kava la USB uiunganishe na mashine mpya. Na kabla hujaiuza ile desktopu kwa mtu wa vyuma chakavu hakikisha hakuna picha za mzee mlizoacha ndani, mtakuja kuzitafuta.

Kitu cha mwisho, kwenye BIOS ya hizo ndogo, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, kuna sehemu ya kuchagua umeme ukirudi kompyuta ijiwashe yenyewe. Iwashe. Utanishukuru usiku ule umeme unakatika mara tatu.

Asalaam aleikum fundi. Mie seremala kwa kazi, siyo hobi. Nataka niitengenezee seva yangu sanduku la mbao la maana, mninga, likae sebuleni. Waya zile na taa zinanichefua. Kuna ubaya? – Bububu, Zanzibar

Waaleikum salaam. Ubaya hakuna ukikumbuka kwamba unajenga jiko, hujengi kabati. Hewa moto inapanda, kwa hiyo matundu ya chini ya kuingizia na ya juu nyuma ya kutolea, na sanduku lisimame kwenye miguu ya sentimita mbili tatu, lisilale flati mezani. Usiitoe mashine kwenye kava lake la bati ukasema mninga unatosha, bati ndo limeshika waya wa ardhi, na adapta ibaki nje kabisa. Matundu yawekee wavu mdogo wa mbu, mende wanapenda sana joto la kompyuta na nimeshafungua mashine nikakuta ukoo mzima. Kwenu huko na hewa ya chumvi usiiache imezimwa miezi, joto lake lenyewe ndo linaifukuza unyevu.

Ila karakana na seva visikae chumba kimoja. Mie nilikuwa nayo hatua nne kutoka kwenye msumeno wa meza, nikajidanganya ni mbali. Miezi mitatu ikaanza kujizima saa nane mchana, nikabadilisha RAM, nikainstoli upya, nikailaumu keneli, kile kiini cha Linux, siku nakuja kufungua feni nakuta vumbi la mbao limejikandamiza kwenye zile bati za kupoozea kama blanketi la bluu la sufi, hewa haipiti hata kidogo. Brashi ya kupakia rangi na dakika kumi. Nilisikia aibu peke yangu.

Dada/kaka mhariri naomba msaada wa haraka. Mimi ni fundi cherehani Morogoro, miaka sita napiga picha kila nguo ninayoshona, wateja wakija wanachagua humo. Mtoto wa dada alinitengenezea seva kwa laptopu, diski moja ya USB ya picha na ya pili ya bakapu, akasema kila usiku saa nane inakopi yenyewe. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku ukarudi, asubuhi folda ya picha tupu, nikafungua bakapu nayo tupu! Nimelia. Nimeendelea kuweka picha mpya kama arobaini hivi lakini zile za zamani zote zimepotea. Mtoto mwenyewe yuko chuo anasema eti haelewi. – Mama Mshonaji

Mama pole sana, barua yako nimeisoma nikasimama. Nimekujibu tayari kwa simu ila naiandika hapa maana huu mtego umeshika wengi na mimi nikiwemo.

Kwanza, picha zako kwa asilimia kubwa hazijapotea. Nakueleza kilichotokea. Folda inayoitwa `/mnt/picha` siyo diski, ni mlango tu, diski inapachikwa pale. Umeme uliporudi laptopu iliwaka lakini diski ya kwanza haikupachikwa, labda ilichelewa kuzunguka, labda iliitwa sdc badala ya sdb. Mlango ukabaki unaangalia ukuta. Saa nane ikafika, ile amri ya bakapu ikaamka, na aliiandika hivi, umenitumia picha yake: `rsync -a --delete /mnt/picha/ /mnt/bakapu/`. Hilo neno `--delete` maana yake fanya bakapu ifanane kabisa na asili, kilichofutwa kule kifute na huku. Ikatazama asili, ikakuta patupu, ikatii. Haikukosea, ilitii.

Lakini angalia, kilichofutwa ni cha bakapu. Diski ya kwanza hakuna aliyeigusa! Andika `lsblk`, utaona diski mbili za USB, moja itakuwa na `/mnt/bakapu` mbele yake na nyingine haina kitu mbele. Hiyo isiyo na kitu ndo yenye nguo zako za miaka sita. Usiipachike juu juu hivyo hivyo, kwa sababu zile picha arobaini mpya ziliingia kwenye diski ya laptopu yenyewe, ukipachika juu yake zitafichika kama pindo chini ya bitana, utalia mara ya pili. Zihamishe kwanza: `mkdir ~/mpya` halafu `mv /mnt/picha/* ~/mpya/`. Zima ile bakapu ya usiku, `crontab -e`, weka alama ya reli mwanzo wa mstari. Ndo upachike kwa kusoma tu: `sudo mount -o ro /dev/sdc1 /mnt/picha`, ukiweka jina lile ulilolikuta kwenye lsblk. Andika `ls /mnt/picha`.

(Aliandika. Zilikuwepo. Alinipigia nikasikia cherehani zimesimama zote nyuma yake.)

Sasa kushona upya isije ikafumuka. Diski zisipachikwe kwa jina la sdb au sdc, hayo yanabadilika kama viti kwenye daladala, zipachikwe kwa UUID, namba ambayo ni ya diski hiyo peke yake, utaiona ukiandika `sudo blkid`, nayo inaandikwa ndani ya `/etc/fstab` pamoja na neno `nofail` ili diski ikichelewa laptopu isigome kuwaka. Na amri ya usiku iwe hivi: `mountpoint -q /mnt/picha && mountpoint -q /mnt/bakapu && rsync -a --delete --max-delete=50 /mnt/picha/ /mnt/bakapu/`. Yaani kama hata diski moja kati ya hizo mbili haipo mlangoni usifanye lolote, na hata zikiwepo usifute zaidi ya 50 kwa usiku mmoja. Wewe mwenyewe hukati kitambaa cha mteja kabla hujapitisha mkono kuhakikisha hakijakunjwa chini, hiyo `mountpoint` ndo ule mkono.

Na nunua diski ya tatu. Hii isikae kwenye laptopu, ijazwe mara moja kwa mwezi ipelekwe kwa dada yako. Mwizi akiingia kwako anabeba laptopu na diski zote mbili kwa pamoja, hachagui. Mtoto wa dada usimgombeze, amefanya kitu ambacho watu wenye mishahara wanakifanya kila mwaka.

Fundi mimi nafuga kuku, nimejitengenezea mashine ya kutotolesha kwa boksi la friji bovu, balbu na thamostati. Juu yake nimeweka Raspberry Pi na sensa ya DS18B20 ili seva ichore grafu ya joto. Siku ya 11 saa tisa usiku simu ikalia joto 85! Nikakimbia nikachomoa umeme, nikafungua mlango, nikajua mayai yameiva. Kipimajoto cha kioo kilikuwa kinasoma 37 na nusu. Nani mwongo? – Dodoma

Mwongo ni sensa, na uongo wake ni wa aina moja siku zote. DS18B20 ikipata umeme upya, kabla haijapima chochote, kumbukumbu yake ina namba 85. Ukiisoma wakati huo inakupa 85 kamili, siyo 84 wala 86. Soma faili lake mwenyewe, `cat /sys/bus/w1/devices/28-*/w1_slave`, mwisho wa mstari wa pili utaona mfano `t=37562`, hiyo ni 37.56. Ukiona `t=85000` ujue sensa ilipoteza umeme kidogo ikaamka, yaani kuna waya umelegea.

Kwa hiyo shika solda. Waya tatu: mwekundu kwenye volti 3.3, mweusi ardhi, wa njano ndo data unaenda pini ya GPIO 4, na kati ya njano na mwekundu kuna rezista ya kilo-om 4.7. Kama wewe ulisokota tu ukafunga na selotepu, kwenye boksi lenye joto na unyevu ule lazima ilegee. Pasha waya kwanza halafu risasi iyeyukie kwenye waya, usiyeyushe risasi kwenye ncha ya solda ukaidondoshea juu, ile inashika kwa macho tu. Kiungo kizuri kinang'aa, kibaya kina mawingu. Kwenye programu yako pia weka sharti, 85000 kamili itupwe isome tena baada ya sekunde moja, na simu isilie mpaka ipate namba mbaya mara tatu mfululizo.

Nimefurahi jambo moja, thamostati umeiacha ifanye kazi yake na seva inatazama tu. Ibaki hivyo. Wengine wataka balbu iwashwe na seva, siku seva ikijiapdeti katikati ya usiku mayai 60 yanasubiri.

Mayai usiyatupe, kupoa kwa muda mfupi siku ya 11 hakuui. Yamulike na tochi gizani, ukiona mishipa na kitu kinacheza endelea kugeuza mpaka siku ya 18, halafu acha kugeuza, ongeza maji, subiri siku ya 21.

Niaje fundi. Niko Mombasa, seva inafanya vizuri nikiwa kwa nyumba ila nikitoka haipatikani. Nimefungua poti kwa ruta vile video inasema na bado. Niko na intaneti ya laini ya simu. – Kisauni

Angalia kwenye ruta anwani ya nje inaanza na ngapi. Kama ni 100.64 mpaka 100.127, uko kwenye nyumba ya kupanga: geti moja, wapangaji mia, mgeni analijua geti ila askari hajui chumba chako. Wewe umefungua mlango wa chumba, geti siyo lako. Hapo poti hazisaidii, unahitaji njia ambayo seva ndiyo inatoka kwenda nje kukutana na simu yako. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, ndo rahisi kuanzia, au ukipenda kushika mwenyewe kodi kaseva kadogo ka nje uweke WireGuard, programu ya kazi hiyo hiyo, ambayo tangu 2020 imo ndani ya keneli ya Linux yenyewe. Na shukuru geti lilikuwa limefungwa, maana SSH yenye neno la siri la 123456 ikitazama intaneti nzima wageni wanagonga kabla chai haijapoa.

Mimi siyo fundi, ni mke wa fundi. Tangu aanze haya mambo yenu kabati la jikoni halina milango, toka kabla ya Ramadhani. Kila nikiuliza naambiwa anamalizia seva. Inamaliziwa lini? – Jina ninalo, Ukonga

Shemeji, haimaliziwi. Nisingekudanganya.

Ila muulize hiyo seva iko wapi sasa hivi. Kama iko ndani ya hilo hilo kabati, mvuke wa wali unaingia kwenye feni kila siku na anaua mashine yake mwenyewe kwa kukosa milango miwili. Mpe ukurasa huu, mwekee kidole pale kwa seremala wa Bububu. Milango miwili ya plaiwudi ni kazi ya jumamosi moja, bawaba nne, na nyuma atoboe matundu ya kupitisha hewa. Akisema hana msumeno, ninao, aje auchukue, na arudishe.